Jina la Kuitiwa Kaburini

Mzee wa chumba cha juu alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume. Ngazi za nyumba kongwe za Mji Mkongwe zimesimama wima, na wengi wetu hushuka tumeegemea ukuta. Yeye aligeuka, akashika kamba kwa mikono miwili, akateremka uso ukiitazama ngazi, kama mabaharia wanavyoteremka chumba cha injini. Siku ya kwanza kumwona nilidhani anaumwa mgongo. Nikamuuliza. Mimi ni mtu wa kuuliza. Ndiko kulikonigombanisha na walimu hata nikaacha skuli mapema, na ndiko kunakonifanya nisikae mahali pamoja. Nimekwangua maboti Nungwi, nimebeba magunia Darajani, nimekuwa papasi, nikiwafuata wageni mitaani na kuwapeleka Kidichi kuona mikarafuu na mahamamu ya kale. Wakati ule nilikuwa nimepanga kichumba chini ya ngazi, na mzee alinipita kichwani kila asubuhi.

"Meli ikilala upande," alinijibu, "anayeshuka kwa kutazama mbele hung'oka meno."

Nikamwambia nyumba hii hailali upande. Akaugonga ukuta, chokaa ikamwagika. "Subiri," akasema.

Alikuwa fundi wa injini katika jeshi la wanamaji. Aliingia kijana, akastaafu ndevu nyeupe. Vita vya Uganda vilipozuka alipelekwa ziwani, kwenye boti za doria, na alirudi na sikio moja lisilosikia na mkono wa kushoto uliokunjana ngozi kwa moto. Mke alimuoa akamzika, mtoto hawakujaaliwa. Hadithi za vita hakuwa mtu wa kuzisimulia. Ukimbana sana alikusimulia chakula: ugali wa mvuke wa injini, samaki wa maji matamu ambao hakuwapenda hata kidogo.

Kisha figo zikamkamata. Miguu ikavimba, viatu vikamkataa, na ile safari yake ya kushuka kinyumenyume ikakoma. Akawa mtu wa kitandani. Bi mmoja wa chini, anayekaanga vitumbua barazani, alimpikia uji. Mimi nilimgeuza, nikamkosha, nikamshikia ndoo. Nilikuwa nimepanga kuhama mwezi ule, kwani nilishasikia habari za kazi upande wa mashamba, lakini kila nilipofunga begi alinihitaji kwa jambo, na mwisho begi likabaki wazi pale sakafuni.

Na kila Ijumaa baada ya sala alikuja rafiki yake wa utotoni, mzee wa mtaa wa Malindi aliyewahi kuwa na duka la misumari na rangi Darajani, mtu wa safu ya mbele msikitini. Alikaa ukingoni mwa kitanda akazungumza habari za mama wa mgonjwa: samaki wake wa kupaka, kofi lake zito, jinsi alivyowalisha wawili hawa sahani moja. "Mama yetu," ndivyo alivyomwita. Mgonjwa alitabasamu, akafumba macho.

Ijumaa moja, rafiki yake alipokwisha kuondoka, mzee alinambia nifunge mlango.

"Yule mama," akasema, "hakunizaa."

Nilidhani maradhi yamepanda kichwani. Akaniashiria nikae, akanisimulia taratibu, akipumzika katikati. Siku ya kuondoka kwenda vitani, gari la jeshi lilikuwa likipiga honi nje ya mlango. Yule mama wa Malindi alimshika mkono kwenye ngazi akamwambia maneno ambayo hajapata kuyasahau: "Mwanangu, unakwenda vitani. Ukifa, wasije wakakuita kwa jina langu. Mie nimekulea, sikukuzaa. Mamaako mtu wa Kidichi."

Asiyekulia kwetu huenda hajui uzito wa maneno hayo. Maiti akishafukiwa, imamu hukaa upande wa kichwa akamsomea talkini. Humwita kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba, akamkumbusha majibu ya kuwapa malaika wanaokuja kumhoji. Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa watu wote. Wapo siku hizi wasioikubali talkini. Yule mama alikuwa akiiamini, na alimpenda mtoto huyu kiasi cha kutotaka aitwe kwa uongo.

Kijana alikasirika. Honi ikapigwa tena. Akasema atamuuliza vizuri akirudi, akashuka. Alipotoka vitani alikuta mama ameshazikwa, na baba yake, mwenye gari la ng'ombe lililokuwa likibeba karafuu kutoka mashamba, alikuwa kaburini zamani. Hakubaki mtu wa kuulizwa.

"Ungeliwachia hapo," nikamwambia. "Mungu si anajua?"

Kisha akanieleza ule mkono wake. Kijana mwenzake wa injini, Muislamu kama yeye, aliungua ziwani, na yeye aliungua mkono kwa kumvuta. Walimzika ufukweni siku ile ile. Mmoja wao aliyesoma akakaa kichwani pa kaburi, akauliza mama wa marehemu ni nani. Wakatazamana. Walijua anavyokoroma, walijua anatia chumvi katika chai, walilijua hata jina la mchumba wake. Jina la mama hakulijua mtu. Akaitwa mwana wa Hawa.

"Nlikuwa nimeshika koleo," mzee akasema. "Nikaona kama tumemzika mtu tuliyemwokota. Mungu anajua, naam. Lakini mie nataka niitwe."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii rafiki yake, mtu mwenye gari na watoto wa kuwatuma, akaniambia mimi.

"Yule nikimwambia, ntakuwa nimemuua mama yake. Weye huna wa kumwambia."

Alishawahi kutafuta mwenyewe. Aliporudi kutoka ziwani alikwenda Kidichi, akasimama viwanjani mwa watu akiuliza nani hapa aliyezaa na mwenye gari la ng'ombe wa Malindi. Kila mtu alimwambia hajui. Alikwenda na gwanda lake jeupe la wanamaji, kwa sababu alidhani watamheshimu.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda Kidichi bila wageni. Vijana wa mashamba ya viungo waliozoea kuniona nikiburura Wataliano walinicheka. "Leo papasi kaja peke yake. Mzungu wako kakukimbia?" Niliwaacha wacheke, nikaingia ndani zaidi, kwa wazee. Nilisikiliza habari nyingi za magari ya ng'ombe. Wengine waliyakumbuka magari, wakawakumbuka hata ng'ombe kwa majina, mwenye gari wasimkumbuke. Mzee mmoja alinikalisha nusu siku akanisimulia habari za mtu ambaye mwishowe alikuwa wa Mwera.

Nilirudi mjini jioni, mzee ananisubiri kitandani, macho yake mlangoni. Nilitikisa kichwa, akageukia ukutani. Uso wake ulianza kufura. Siku nyengine alimwita Bi wa vitumbua "mama", kisha akazindukana akaomba radhi. Alikuwa anaogopa kulala. Nilipomlazimisha alale alinishika shati.

"Fanya upesi," akasema. "Nnasikia maji yameshafika kifuani."

Hakuwa akisema kwa mfano. Ukiweka sikio kifuani pake uliyasikia.

Asubuhi moja nilikwenda Kidichi bila ya kunywa chai. Nilizunguka mpaka adhuhuri ikapita, ndipo nikamkuta bibi mmoja akianika mdalasini juu ya jamvi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua kichwa, nikaanza maelezo yangu ambayo kwa wakati huo nilikuwa nayasema kama mtu anayesoma. Wengine wote walinikatiza. Huyu aliniacha nikamaliza. Akaendelea kupanga magome yake, moja moja, mpaka jamvi likajaa.

"Unamtafuta wa nini?" akauliza.

Nikamwambia mwanawe anaumwa na anataka kulijua jina lake kabla ya kufa.

"Jina tu?"

Bibi huyu alikuwa dada wa mzee wangu. Mama mmoja, baba mbalimbali. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya kitu. Mama yao alikuwa mchumaji wa karafuu. Mwenye gari alimuoa, akamwacha, akarudi kumchukua mtoto alipoacha kunyonya, akamwambia asikanyage Malindi kumtia mtoto aibu. Mama aliolewa tena pale pale Kidichi, akamzaa huyu. Na alikuwa hai miaka yote hiyo. Alikufa juzi juzi tu, kabla ya yale maradhi yaliyotufunika pua kwa barakoa.

Nilikaa chini. Kutoka Darajani mpaka uwanja ule, chungu cha wali hakijaiva umeshafika.

"Kakaako alikuja hapa," nikasema. "Zamani. Aliuliza."

"Nilimwona. Nlikuwa msichana." Alinionyesha mshelisheli ulio mbele ya nyumba. "Kasimama pale, gwanda jeupe, viatu vyeupe. Miaka ile, mwanangu, askari akimuuliza mwanamke kwa habari za mumewe wa zamani, nani atajibu? Tulidhani mwenye gari kafanya jambo, sasa wanasombwa wote. Shangazi akamwambia hatumjui. Mama tulishamsukuma uvunguni."

"Alimsikia?"

"Uvungu na uwanja, hapo na hapo. Alisikia mwanzo mpaka mwisho."

Askari alipokwenda zake, mama alitoka na vumbi kichwani. Akauliza yule mtu ana umri gani. Binti akamwambia. Akauliza masikio yake yakoje. Binti akamwambia makubwa, yamesimama. Tangu siku ile mama hakutaka mlango wa mbele ufungwe mchana, hata mvua ikiingia.

Nikamuuliza kwa nini hakumfuata mjini.

"Akamfuate wapi? Kambini? Akaseme nini, nlikuwa uvunguni?" Alijipangusa vumbi la mdalasini. "Yuko hai bado, huyo kaka?"

Nikamwambia yuko, lakini hali yake mbaya.

"Basi sikupi jina ukampelekee kama kifurushi. Nipeleke. Ntamwambia mwenyewe."

Aliingia ndani kuvaa. Nilisimama chini ya mshelisheli nikifikiri nitamwambiaje mzee kwamba mama yake alikuwa hatua chache kutoka pale aliposimama. Nilifikiri labda nisimwambie hilo, nimwambie jina tu, afe salama. Nilikuwa bado sijaamua simu ilipolia. Bi wa vitumbua. Mzee alikuwa amekata roho kabla ya adhuhuri, akinitafuta mimi kwa macho. Walinipigia, mtandao huku shamba haukushika. Rafiki yake alishasimamia kila kitu. Maiti ameshakoshwa na kuvikwa sanda, anasaliwa alasiri, na moja kwa moja makaburini Mwanakwerekwe. Kwetu maiti hacheleweshwi.

Dada mtu alitoka na buibui lake jipya. Nilipomwambia alikaa kizingitini. Hakulia. Akalitaja jina la mama yake, na la baba wa mama yake, wazi wazi, akanifanya nilirudie.

"Nenda," akasema. "Mie ntakuja kwa wanawake, nyumbani."

Nilimpigia Bi nikamwambia jina. Akanijibu, "Mie nimwambie nani? Wanaume wote washatoka na jeneza." Alijaribu kumpigia rafiki wa marehemu, lakini mtu aliyebeba jeneza hashiki simu. Nikahangaika muda kutafuta pikipiki, nikapanda. Njia nzima nililirudia jina lile ndani ya mdomo, nikiogopa upepo usije ukalichukua.

Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na kumwagiwa maji. Watu wamesimama duara. Imamu, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, amekaa upande wa kichwa, na alikuwa ndio kwanza anauliza mama wa marehemu ni nani. Rafiki yake akataja jina la mama wa Malindi. Alilitaja kwa mapenzi, machozi yakimtoka.

"Siye huyo," nikasema.

Wakageuka wote. Nilikuwa nahema, nimejaa vumbi, shati limefunguka. Nikasema mama aliyemzaa ni mwengine, mtu wa Kidichi, na mimi natoka huko sasa hivi. Nikalitaja jina kama nilivyopewa.

Rafiki wa marehemu hakupandisha sauti. "Huyu papasi," akamwambia imamu. "Anakaa chini ya ngazi. Mie na marehemu tumekula sahani moja tangu hatujavaa suruali. Mama yake namjua."

Nikasema dada yake yuko njiani, atathibitisha.

"Hana dada."

"Warithi washaanza kuzuka," mtu akasema nyuma, na wawili watatu wakacheka kwa pua. Kijana mmoja akasema talkini yenyewe haina dalili katika dini, tumuombeeni dua twende zetu. Akanyamazishwa.

Imamu aliniuliza kama nina shahidi. Nikatazama huku na huku. Sikuwa naye. Akamgeukia rafiki wa marehemu, akamuuliza kama anaweza kuapa kwamba mama yule ndiye aliyemzaa. Mzee wa watu alikuwa mtu wa haki. Hakuweza kuapa kwa asichokiona.

"Nilimkuta naye," akasema mwisho.

"Basi nyote hamkuwepo," akasema imamu. "Siwezi kumwita maiti kwa jina lenye shaka. Tutamwita kwa mama yetu sote."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia hilo hasa ndilo aliloliogopa maisha yake yote, tangu ziwani. Amwite hata kwa mama wa Malindi, nimekosea mimi, mimi papasi tu, nimezusha. Aliniwekea mkono begani. Aliniambia nimeshasema, na kilichokwishasemwa mbele ya kaburi hakirudi. Kisha akakaa sawa, akaita. Mwana wa Hawa. Akaita tena. Mwana wa Hawa. Mara ya tatu niliziba masikio, na bado nilisikia.

Nimeshawauliza watu waliosoma kuliko mimi, na wote wameniambia imamu hakufanya kosa. Pengine. Ningelikaa kimya angeliitwa kwa jina la mwanamke aliyempenda, na yeye angelisikia jina la kwao. Lakini mwanamke huyo mwenyewe ndiye aliyekataa aitwe hivyo. Nimelizungusha jambo hili kila upande na sijaona mahali pa kulishika.

Watu walipotawanyika, rafiki wa marehemu alinishika mkono juu ya kiwiko.

"Alikwambia mwenyewe?"

"Naam."

"Lini?"

"Ijumaa. Ulipotoka."

Aliuachia mkono wangu. "Kumbe kila Ijumaa mie nakaa pale nnamsimulia..." Alikwenda kwenye gari lake akakaa kiti cha nyuma, na mtoto wake akawa anamuuliza kama anataka maji.

Nyumbani wanawake walikuwa wamejaa ghorofani. Dada mtu alikuwa amekaa pembeni ya Bi wa vitumbua, hakuna anayejua amkaribishe kama mfiwa au kama mgeni. Aliponisikia kwenye ngazi alitoka.

"Wamemwita nani?"

Nikamwambia.

Alishika kamba ya ngazi. "Wamelikataa?"

"Hawakulikataa. Wamelitilia shaka."

"Ni mamoja."

Aliomba aonyeshwe chumba. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa godoro. Alisimama mlangoni, hakuingia, akasema hataki kula, anataka kurudi kabla magari hayajesha. Nikamsindikiza mpaka Darajani. Alitembea mbele yangu kidogo, kwa haraka, katikati ya wauza samaki na mafungu ya pilipili, na mimi nikawa natafuta neno la kumwambia. Nilimwambia kakaake alikuwa na masikio makubwa, yamesimama. Alitikisa kichwa kwamba amesikia.

Gari lilipokaribia kujaa alinigeukia.

"Lile jina nlilokupa, usimtajie mtu tena. Lishatiliwa shaka mbele za watu, yatosha."

Nikamuuliza hata kama nitataka kuyasimulia haya yaliyotokea.

"Simulia," akasema. "Yeye muache."

Akapanda, akapita kiti kitupu cha upande wangu, akakaa dirisha la upande wa pili.